Kabla Fundi Hajapanda Juu

Leo sikusudii kukuhadithia mambo ya watu wa kale wala ya miji ya mbali. Nataka kukuhadithia jambo lililonipata mimi mwenyewe, juu ya paa la nyumba yangu mwenyewe, nami ni mtu niliyekaa zaidi ya miaka arubaini nikiwafundisha watoto wa watu haki za watu. Ukiisha kusoma ukaona nimekosa, usinistahi, kwani nafsi yangu nimekwisha kuihukumu. Lakini uitazame na nyumba yako pia, maana sidhani kwamba yangu ndiyo peke yake yenye dishi juu na kimya chini.

Jambo lenyewe, ukilisikia, utaliona dogo. Ni kubadilisha kampuni ya televisheni, kutoka hii kwenda ile, na kupanga fundi aje aweke dishi jipya. Mambo haya hufanywa kila siku katika miji yetu, na watu huona kwamba ni baina ya mwenye nyumba, kampuni na fundi tu. Nami niliona hivyo hivyo.

Kwanza yafaa uijue hali yangu na kioo hiki. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, nami nilikuwa mtoto mchanga. Katika miaka ya 1980, video zilipoingia mitaani kwetu na watu wakakodi kaseti za filamu za Kihindi, nilikuwa kijana mwenye kilemba kipya na maneno makali. Nilisema darasani kwamba nyumba yenye kioo kile ni nyumba isiyo na mlango. Maneno yale siyakani yote, kwani mpaka leo wako watu ambao wageni wasiowajua huingia majumbani mwao usiku na mchana bila ya hodi, wakawafundisha watoto wao yale ambayo wenyewe wangeona haya kuyataja. Lakini umri humfunza mtu kupambanua. Nimejua kwamba chombo ni chombo, na kwamba kisu cha jikoni na kisu cha mwizi hutoka kwa mhunzi mmoja.

Basi mwaka 2009 kijana wangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Muscat, alikuja likizo akaniwekea juu ya sakafu ya paa dishi kubwa la wavu, upana wake kama futi sita, la kupokea stesheni za Kiarabu zisizolipiwa. Baadaye, Kenya ilipouzima utangazaji wa zamani mwaka 2015 na kila nyumba ikalazimika kutafuta king'amuzi, tuliongeza na dishi dogo la kampuni moja ya kulipia, kwa ajili ya habari, vipindi vya watoto, na mpira wa vijana, ambao sikuwa na nguvu ya kuukataza wala haja ya kuukataza. Kwa hivyo juu ya nguzo yangu moja yalikuwako madishi mawili, kubwa na dogo, kila moja likitazama upande wake.

Namna dishi linavyofanya kazi

Huenda baadhi ya wasomaji hawajapata kueleweshwa jambo hili, nami naliona ni katika maajabu ambayo mtu haifai kuyapita bila ya kuyatia akilini. Setilaiti hizi za televisheni zimewekwa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kama kilomita 36,000 kutoka ardhini. Mahali hapo, chombo huizunguka dunia mara moja kwa muda ule ule ambao dunia nayo hujizungusha mara moja, na kwa hivyo kwetu sisi tulio chini huonekana kama kimesimama. Laiti kingekuwa chini zaidi kingekwenda mbio, na dishi lingehitaji mtu wa kuligeuza kutwa nzima. Picha hurushwa kutoka ardhini hadi huko juu, kisha ikarudishwa chini, na safari yote hiyo huchukua kama robo ya sekunde. Kenya ilikifungua kituo chake cha Longonot cha mawasiliano ya setilaiti mwaka 1970, na nchi za Kiarabu zilirusha setilaiti yao ya kwanza, Arabsat, mwaka 1985. Tangu hapo mambo yamefuatana hata leo huwezi kutazama juu ya mapaa ya mji wetu bila ya kuona masahani yamepangwa kama vyombo vya harusi.

Sisi wa pwani hii tuko karibu na ikweta, na kwa hivyo madishi yetu hutazama juu sana, si kama ya watu wa London ambayo huinamia upande wa kusini. Na dishi halina msamaha. Likikosea digrii mbili au tatu tu, hupati picha mbaya, bali hupati kitu. Mvua kubwa ya masika ikishuka, picha hukatika, kwani maji huyadhoofisha mawimbi yale kabla hayajafika. Na chumvi ya bahari hula parafujo na viungo vya waya, hata baada ya miaka michache nguzo hubaki kama biskuti.

Nimekueleza haya ili ujue kwamba dishi moja hutazama upande mmoja. Ukiligeuza kwenda kwa kampuni mpya, umeuacha ule wa zamani. Na ukilishusha, umeufunga mlango ambao huenda mtu alikuwa akiupitia.

Hasira na hesabu

Ile kampuni tuliyokuwa nayo ilitupandishia bei mara tatu. Kisha stesheni mbili walizokuwa wakizipenda wajukuu zikahamishwa kwenye fungu la bei ya juu, pasina kuambiwa. Nikichelewa kulipa kwa siku moja hukatwa siku ile ile, na wao wakikosea, nangoja kwenye simu nusu saa nikisikilizishwa muziki. Mwezi mmoja nililipa na wasifungue. Nikapiga simu mara nne, na kila mara nikajibiwa na mtu mwengine, nikaanza hadithi upya. Nikaghadhibika. Kijana wangu wa mwisho akaniambia iko kampuni nyengine, bei yake ni ndogo karibu nusu, na fundi yuko tayari wiki ile ile. Ilikuwa mwezi wa Shaaban, Februari 2025, nami nikasema kabla ya Ramadhani kuingia jambo hili liwe limekwisha.

Hapa, ndugu msomaji, nataka uone jinsi mtu anavyoweza kuwa mwangalifu upande mmoja akawa kipofu upande wa pili. Mimi nilifanya hesabu zangu vizuri. Nilikwenda kwenye ofisi ya ile kampuni ya kwanza, nikauliza kama nina deni, nikalipa salio dogo lililobaki, nikachukua risiti. Nilisoma karatasi za kampuni mpya mstari kwa mstari. Nikauliza kama king'amuzi cha zamani kitafaa, nikaambiwa hakitafaa, kwani kila kampuni huvifunga ving'amuzi vyake kwa funguo zake. Nikauliza kama kipya ni changu au ni cha kuazima, na nikihama kitarudi kwa nani. Nilijiona kwamba sasa ndiyo nafanya yale ninayoyasomesha katika mlango wa biashara.

Fundi alipokuja, kijana mpole mwenye adabu, aliyatazama mambo kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Maalim, iko njia nyengine. Walipa mara moja kwa mwaka mzima, wafunguliwa kila kitu. Wala hakuna ajuaye."

Nikamwambia, "Yuko Ajuaye, mwanangu."

Akainamisha kichwa, akacheka kidogo kwa haya. Nami nikamweleza kwamba mawimbi kupita juu ya paa langu hakuyafanyi kuwa mali yangu, kama vile maji ya mfereji wa jirani kupita mbele ya mlango wangu hayawi yangu. Yuko aliyelipa kuyapeleka, na yuko anayelipwa kwa jasho lake. Hata sheria ya nchi, ile ya hakimiliki ya mwaka 2001, imekataza kuzivunja funguo hizo. Tukakubaliana njia ya halali. Jioni ile, barazani, niliwahadithia wenzangu kisa hiki, nao wakatikisa vichwa kwa kunisifu. Nami, Allah anisamehe, nilikipenda kisa kile zaidi ya ilivyopasa. Nilidhani mtihani wa dishi nimekwisha kuufaulu, kumbe karatasi ya pili ilikuwa bado haijafunguliwa.

Maana juu ya sakafu, asubuhi ya siku ya kazi, fundi aliitikisa nguzo akaniambia, "Maalim, nguzo hii haichukui madishi mawili tena. Na hili kubwa limeliwa na kutu. Kusi ikivuma, mtakuja kuliokota barabarani."

Nikamwuliza, "Na stesheni za dini zimo katika hii kampuni mpya?"

Akasema, "Zimo, Maalim, tele."

Sikumwuliza ni zipi. Wala sikushuka ngazi kumwuliza mtu yeyote. Nilisema, "Basi lishushe." Likashushwa, na siku ya pili yule mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni wake akanipa shilingi 400, nikaona hata nimepata faida. Fundi akatoa dira yake, akalilenga dishi dogo jipya kwa muda wa karibu saa nzima, akaligeuza hivi na hivi kwa kiasi cha upana wa ukucha, mpaka likakaa sawa. Nikamsifu kwa ule ustadi wake wa kutafuta digrii moja. Sikujiuliza mimi mwenyewe nimeilenga nyumba yangu wapi.

Aliyekuwa chini

Mwenzangu ni mgonjwa wa nyonga. Nyumba zetu za Mji wa Kale mwazijua, ngazi zake ni za mwinuko na nyembamba. Tangu mwaka 2021 hashuki ila kwa daktari, na siku hizo hushuka akiwa ameshikwa huku na huku. Msikiti anausikia tu. Darasa la wanawake, ambalo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioliasisi, huletewa habari zake na jirani. Dunia yake imekuwa chumba kimoja, dirisha moja, na kile kioo.

Mwaka 2004 alikwenda Hijja pamoja na marehemu mamake. Bibi yule alikuwa mzee, na saa za joto alikuwa akimketisha chini ya nguzo moja katika Msikiti Mtukufu, yeye huenda kuleta maji ya Zamzam akarudi akamkuta palepale. Miaka miwili baadaye mama akafariki. Basi kila usiku, kwa miaka yote hii, mwenzangu amekuwa akifungua ile stesheni inayoonyesha Makka moja kwa moja, usiku na mchana, kupitia lile dishi kubwa la wavu. Sala akisali yake mwenyewe, kwani ajua vyema kwamba kumfuata imamu kwa njia ya kioo hakusihi, na mimi ndiye niliyemsomesha mas'ala hayo. Lakini akiisha kusali hukaa na tasbihi yake akatazama watu wakitufu.

Wewe msomaji wa Mombasa wajua kwamba Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa. Saa zetu na zao ni moja, na adhuhuri yetu na yao hukaribiana sana. Na katika Ramadhani, kule Makka hutia muda wa saa mbili baina ya magharibi na isha, kwa hivyo sisi tukitoka tarawehe misikitini kwetu, wao bado wangali katika sala. Kila Ramadhani mimi nikirudi saa tatu za usiku nilikuwa namkuta mbele ya kioo, sauti ya msomaji imeenea chumbani. Nilikuwa nikiiona hali ile kama mtu anavyoiona taa iliyowashwa. Huiangalii, na huijui mpaka izimike.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwanzo wa Machi 2025. Usiku wa kumi au wa kumi na moja, nimerudi msikitini, mjukuu wangu wa miaka sita akanipokea mlangoni, akanishika kanzu.

"Babu, Makka itawashwa lini?"

Nikamwambia, "Makka gani?"

"Ya Bibi. Bibi amesema imezimwa."

Nikapanda juu. Nikamkuta amekaa mahali pake pale pale, tasbihi mkononi, na kile kioo kiko mbele yake kimezimwa. Hakuwa akitazama chochote. Alikuwa amekaa tu, saa ile ile aliyoizoea.

Nikamwambia, "Mbona hukuniambia?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hukuniuliza, Maalim. Nilisikia nyundo, nikajua fundi amekwisha panda. Na mtu akishapanda juu, maneno ya chini hayamfikii." Kisha akaongeza, kwa upole ambao ulinichoma zaidi ya ukali, "Nikasema huenda mambo ya pesa yamekubana. Mimi sitaki kuwa mzigo juu ya mzigo."

Ndugu msomaji, wiki nne alikuwa amekaa na dhana hiyo. Wiki nne alijizuia kuomba kitu kisicholipiwa hata senti moja, akidhani ananihurumia, na mimi barazani nasifiwa kwa kujilinda na mali ya kampuni. Haki ya mtu wa mbali, mwenye mawakili na ofisi, niliichunga mpaka shilingi ya mwisho. Haki ya mtu niliyeishi naye miaka thelathini na minane niliiuza kwa shilingi 400, na sikujua kwamba nimeiuza.

Kulitengeneza lililovunjika

Asubuhi yake nilimtafuta yule mnunuzi wa vyuma. Dishi lilikwisha kwenda na lori zamani. Kijana wangu akasema tutamfungulia kwa simu, na kweli tulimfungulia, lakini macho yake hayawezi kioo kidogo kile, na bando likaisha katikati ya rakaa. Hakulalamika. Alisema, "Inatosha, msisumbuke." Nami sasa nilikuwa nimejifunza maana ya neno hilo katika kinywa chake.

Nikaamua kuweka dishi kubwa jengine, lakini safari hii nikaanza chini. Niliketi mbele yake na karatasi, nikamwuliza ni stesheni gani anazozitazama, moja moja. Zilikuwa tatu tu. Nikawauliza wajukuu, nikamwuliza na binti yangu anayeishi nasi, ambaye aliniambia jambo jengine nililokuwa silijui, kwamba kile kioo kukaa chumba cha mbele, wageni wa kiume wanapokuja, wanawake wote wa nyumba hufungiwa nyuma pasina chochote. Miaka kumi hakuna aliyenitajia jambo hilo, kwani hakuna aliyeulizwa. Tukakubaliana waya upitishwe mpaka chumba cha ndani.

Kisha fundi wa pili, mtu mzima, alipotazama juu akasema nguzo mpya yapasa ikae pembe ya pili ya sakafu, kwani ile ya kwanza jiwe lake la matumbawe limekwisha kuwa laini, halishiki tena parafujo. Na pembe ile ya pili, ndugu zangu, yatazama moja kwa moja ndani ya ua wa jirani yetu, bibi mjane anayeishi na binti zake wawili. Fundi akisimama pale siku nzima, ua wote uko chini ya macho yake, na nguo zao kambani, na wao wenyewe.

Nilikwenda kubisha mlango wake. Nikasimama nje, nikamweleza. Akanijibu kutoka ndani, "Maalim, miaka yote mafundi wanapanda juu ya mapaa haya, wewe ndiye wa kwanza kuja kuuliza." Kisha akasema siku fulani atakwenda na binti zake kwa dadake Kisauni tangu asubuhi hata alasiri, na kazi ifanywe siku hiyo. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi hicho. Lilitaka hodi moja tu.

Lakini mambo haya yote yalichukua siku. Dishi lenyewe lilingojwa kutoka dukani, fundi akawa na kazi za Idi, kisha mvua. Likawekwa katikati ya Shawwal. Ramadhani ilikwisha kuondoka, na katika umri wetu huu mimi na yeye, hakuna anayeweza kutuwekea dhamana ya nyengine. Naweza kurejesha dishi. Siwezi kurejesha zile nyusiku.

Mwezi 5 Juni 2025, siku ya Arafa, tulikaa pamoja mbele ya kioo, mimi na yeye na wajukuu. Nilimwuliza kama ile nguzo ya mamake huiona. Akacheka. Akasema msikiti umepanuliwa sana tangu mwaka 2004 na nguzo ile huenda haiko tena, bali yeye aujua upande wake, na hutazama upande huo. Nilikuwa sijawahi kumwuliza.

Ninayokuusia

Ndugu msomaji, ukitaka kubadilisha kampuni ya televisheni, badilisha, kwani si wajibu wa mtu kudumu na anayemchosha. Lakini shika mpango huu, nimeulipia.

Anza ndani. Tumeamrishwa kushauriana, na wengi wetu twadhani amri hiyo ni ya wafalme na mawaziri. Kaa na watu wa nyumba yako, umwulize kila mmoja anatazama nini na kwa nini, na uanze na yule asemaye kidogo. Mgonjwa na mzee wana haki ya kuulizwa mara mbili, kwa sababu jibu lao la kwanza mara nyingi ni la kukuhurumia wewe.

Kisha nenda kwa jirani. Jua fundi atasimama wapi na atayaona ya nani, waya utapita ukuta wa nani, na maji ya mvua yataangukia wapi. Na kama nyumba yako ni ya kale, jiwe la matumbawe halirudi likishatobolewa. Tafuta mahali ambapo hutalijuta tundu lako.

Kisha malizana na kampuni unayoiacha. Lipa deni, rudisha kilicho chake, chukua risiti. Wala usiivue ya zamani mpaka ya mpya imekwisha kuonyesha picha.

Kisha soma ahadi za kampuni mpya kwa majina. Usiulize kama "zimo stesheni za dini," kama nilivyouliza mimi kwa uvivu. Uliza stesheni ile anayoitazama mkeo, kwa jina lake. Na ukiambiwa iko njia ya bure isiyojulikana na mtu, jibu lake walijua.

Mwisho kabisa, ndipo umwite fundi. Nguzo iwe imara, isiyoshika kutu, iunganishwe na ardhi kwa waya kwa ajili ya radi, na mfereji wa waya uinamishwe kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke nje. Haya fundi ayajua. Yale ya mwanzo fundi hayajui, wala si kazi yake kuyajua. Ni kazi yako.

Nami kila nikipanda sakafuni sasa huyatazama madishi yangu mawili, moja kwenye nguzo hii na moja kwenye ile, nikakumbuka kijana yule aliyekaa saa nzima juani akitafuta digrii moja. Laiti ningalishuka ngazi kumi na nane siku ile, nikauliza swali moja, lisingenichukua dakika mbili.

Namwomba Allah atusamehe tuliyoyafanya pasina kuuliza, na atufungulie masikio kwa wale wanyamazao majumbani mwetu. Wabillahi tawfiq.